Wiki 12 za ujuzi wa kidijitali na wa kijani kwa wanafunzi wa mwaka wa nne: tuweke nini, tuache nini?

Mhadhiri_ThikaRoad

Hamjambo nyote. Idara yetu imepewa nafasi ya kuendesha mafunzo ya wiki 12, saa 3 kila wiki, kwa wanafunzi wa mwaka wa nne kabla hawajatoka kwenda atachimenti (mafunzo ya kazini) mwezi wa Mei. Ni wanafunzi 45 wa mchanganyiko: uhandisi wa umeme, sayansi ya mazingira, biashara, na wachache wa takwimu. Maabara ina kompyuta 30, na intaneti ya mchana ni ya kubahatisha. Agizo kutoka juu linasema tu "ujuzi wa kidijitali na wa kijani unaotakiwa na waajiri". Limeishia hapo.

Rasimu iliyopo ina mada 12: akili unde wiki moja, mabadiliko ya tabianchi wiki moja, blokcheni wiki moja, sola wiki moja, na kadhalika. Nikiisoma naona menyu ya hoteli, kila kitu kipo na hakuna atakayeshiba. Yuniti mpya lazima ipitie kitivo na seneti, kwa hivyo haya mafunzo hayatatahiniwa. Za vifaa nina kama shilingi 60,000.

Nauliza mambo matatu. Mwajiri wa hapa Nairobi anataka kumwona mhitimu akifanya nini hasa? Kazi gani moja inaweza kubeba fani zote nne? Na vyeti gani vina uzito, vipi ni karatasi tu?

---

Mkaguzi_Kawi

Mwalimu, hiyo menyu iweke kando. Chukua bili za stima za chuo chenyewe, za miezi 24 iliyopita, wanafunzi wazisome mstari kwa mstari hadi waweze kumweleza mtu wa fedha kila shilingi imetoka wapi. Hiyo ndiyo kazi yako moja.

Sababu ni ya kisheria kabla ya kuwa ya kimazingira. Kwa Kanuni za Usimamizi wa Kawi za 2012, jengo au kiwanda chochote kinachotumia uniti (kilowati-saa) 180,000 au zaidi kwa mwaka ni lazima kikaguliwe angalau kila miaka mitatu, kiwasilishe mpango wa uwekezaji kwa EPRA (mamlaka ya kusimamia kawi na petroli), na ndani ya miaka mitatu kitekeleze angalau nusu ya uokoaji uliotambuliwa. Uniti 180,000 kwa mwaka ni 15,000 kwa mwezi. Chuo chenye hosteli na maabara kinavuka hapo bila jasho, na ndivyo ilivyo kwa hoteli kubwa, hospitali, na viwanda vya Industrial Area. Wote hao wanahitaji mtu wa kukusanya data, kuipanga, na kuandika ukurasa unaosomeka. Mhitimu anayekuja akiwa ameshafanya hivyo hafundishwi upya.

Bili ya mteja mkubwa si uniti mara bei. Ina uniti za saa za kawaida na za saa zisizo na msongamano, ina malipo ya kilele cha mzigo kwa kVA (mzigo mkubwa kabisa uliovutwa kwa wakati mmoja mwezi huo), halafu marekebisho ya mafuta, ya fedha za kigeni na ya mfumuko wa bei, kisha tozo, kisha VAT ya asilimia 16. Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni kugawanya jumla ya bili kwa uniti, kupata bei moja, na kuitumia kwa kila pendekezo. Ukizima taa za usiku, malipo ya kVA hayashuki hata kidogo, kwa sababu kilele kiko saa tano asubuhi maabara na jikoni zikiwa zimewaka pamoja. Na kipengele cha nguvu (power factor, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) kikishuka chini ya 0.9 kuna faini. Hiyo faini ipo kwenye bili, na mara nyingi hakuna mtu aliyewahi kuuliza ni ya nini.

Baada ya bili, jengo moja. Si chuo kizima. Wahesabu taa, kompyuta, friji, birika na pampu, wakiwa na mita ya kubana waya (klampu-mita) na mita ya mwanga. Mfano wa hesabu ambayo hukosewa: mirija 200 ya wati 36 ya mtindo wa zamani, inayobadilishwa na ya LED ya wati 18. Mwanafunzi anaandika tofauti ya wati 18. Lakini mrija wa zamani una balasti, ile mafundi huiita choki, inayokula wati 9 hivi za kwake. Kwa hiyo tofauti halisi ni 27. Mirija 200 mara wati 27 ni kilowati 5.4, kwa saa 10 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, ni uniti 13,500. Aliyesahau choki anapata 9,000, yaani thuluthi moja ya uokoaji imepotea kwenye karatasi. Kinyume chake pia hutokea: anahesabu mirija iliyoungua, au anachukua saa kutoka kwenye ratiba ya masomo badala ya kuuliza mlinzi taa huzimwa saa ngapi. Baada ya kubadilisha, wapime mwanga mezani. Darasa likisoma chini ya luksi 300 hapo hamjaokoa, mmewaacha watu gizani.

Kuhusu vifaa, pitia maduka ya elektroniki ya Luthuli. Angalia kwamba klampu-mita inasoma ampea za DC na si volti za DC pekee, vinginevyo haitakufaa kwenye sola. Ubane waya mmoja tu, wa moto. Ukibana wa moto na wa nyutro pamoja utasoma sufuri, maana mikondo inafutana, na kuna watu huandika kwa ujasiri kwamba "mashine haitumii umeme". Bodi ifunguliwe na fundi wa chuo; wanafunzi wasome namba, wasiguse kitu.

Jambo moja la jina. Msiite kazi hiyo ukaguzi wa kawi. Ukaguzi unaokubaliwa na EPRA hufanywa na mkaguzi mwenye leseni. Yenu iiteni mapitio ya awali, na iandikwe hivyo kwenye jalada.

---

takwimu_na_chai

Nakubaliana na Mkaguzi, na nafurahi hakuna aliyetetea blokcheni. Upande wa kidijitali wote unaweza kukaa ndani ya bili hizohizo.

Anzeni na uchafu wa data, kwa sababu hapo ndipo mhitimu hutofautishwa siku ya kwanza kazini. Tokeni ya KPLC ina tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Ukiibandika tokeni kama namba, tano za mwisho zinageuka sufuri, na haiambii mtu. Weka safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika, si baada. Namba za simu nazo hupoteza 0 ya mwanzo. Chagueni muundo mmoja, 254 mbele, na mshikamane nao. Tarehe: 03/04 ni tarehe 3 Aprili kwetu, lakini kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani inasoma 4 Machi. Waandike 2024-04-03, ugomvi unaisha.

Halafu kuna usomaji wa kukadiria. Mwezi mmoja uniti ziko chini, unaofuata zimepaa mara mbili. Mwanafunzi anaandika "matumizi yaliongezeka kwa asilimia 100 mwezi wa Juni" na kutafuta sababu ya kitaalamu, kumbe mwezi wa Mei mita haikusomwa. Pia muda kati ya usomaji mmoja na mwingine huenda ukawa siku 27 au 35. Wagawanye uniti kwa siku kwanza, ndipo walinganishe miezi.

Mstari mmoja kwa kila mita kwa kila mwezi. Hakuna seli zilizounganishwa, hakuna rangi zenye maana ya siri. Wakishaweza majedwali ya pivoti ya Excel, wahamie SQLite, programu ya hifadhidata: ni faili moja, ni bure, haihitaji intaneti, na SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) wanayojifunza hapo ndiyo hiyohiyo wataikuta benki au kampuni ya bima, ukiacha tofauti ndogondogo. Zoezi la lazima ni kuunganisha jedwali la mita na jedwali la majengo. Mita moja ikiorodheshwa mara mbili kwenye majengo, uniti zake zinahesabiwa mara mbili na jumla ya chuo inapanda kimyakimya. Kinga yake ni kujumlisha kabla ya kuunganisha na baada, namba mbili zilingane. Ni sekunde kumi, na bado watu wazima wenye mishahara huiruka.

Akili unde isiwe mada, iwe kifaa mezani. Wape swali la SQL lililoandikwa na programu hiyo likiwa na kosa moja ulilopanda wewe (kuunganisha kwa jina la jengo badala ya namba, kwa mfano) na waeleze kwa maneno yao kwa nini jibu si sahihi. Atakayeshindwa kueleza hajajifunza, hata kama jibu lake limefika. Na wasipakie majina au namba za vitambulisho vya watu kwenye programu hizo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimwachi mwanafunzi kwa sababu ni mwanafunzi.

Kompyuta 30 na mtandao mbovu visikusumbue. Hesabu ya vifaa ifanyike kwa simu, kwenye KoboToolbox, ambayo hujaza fomu bila mtandao na kutuma baadaye. Kwenye swali la saa za matumizi weka sharti `. >= 0 and . <= 24`; usipoliweka utaletewa friji inayofanya kazi saa 240 kwa siku.

Wa biashara nao wawe na kazi yao: stetimenti ya M-Pesa ya till upande mmoja, ankara za eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA) upande wa pili, wapatanishe. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS hukataliwa na KRA kwenye hesabu za kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa. Kila duka la Nairobi linahitaji mtu wa kazi hiyo. Ni kazi ya kuchosha na inalipa.

---

MazingiraSouthB

Niseme na mimi, kwa sababu hadi sasa "kijani" imekuwa stima tu.

Namba zilezile za bili zikishasafishwa zinageuzwa kuwa hesabu ya gesi chafu kwa jioni mbili. Mafuta ya jenereta ni skopu 1 (gesi inayotoka chuoni moja kwa moja), stima ya kununua ni skopu 2 (gesi iliyotoka kwenye mitambo iliyozalisha stima hiyo). Lita moja ya dizeli hutoa kama kilo 2.68 za kaboni dioksaidi. Kwa hiyo jenereta iliyokunywa lita 4,000 kwa mwaka ni tani 10.7. Lita zitoke kwenye risiti za mafuta, si kwenye kumbukumbu ya mtu wa jenereta, na lita za magari zitengwe, maana mara nyingi hununuliwa kwa risiti moja.

Kosa kubwa liko kwenye skopu 2. Wanafunzi huchukua kigezo cha uzalishaji (kilo za gesi chafu kwa kila uniti ya stima) kutoka kwenye jedwali la nchi ya ng'ambo inayochoma makaa ya mawe. Stima yetu kwa sehemu kubwa ni mvuke wa Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo namba hiyo inakipa chuo dhambi zisizo zake, halafu sola inaonekana inaokoa kaboni kuliko ukweli. Kila kigezo kiandikwe kimetoka wapi na ni cha mwaka gani. Kisipokuwa na mwaka, kifutwe.

Na kazi hii, Mwalimu, wape wanafunzi wa uhasibu kabla ya wale wa mazingira. Benki Kuu ilitoa mwongozo wa hatari za tabianchi kwa mabenki mwaka 2021, na ramani ya ICPAK, taasisi ya wahasibu, inazitaka kampuni zenye maslahi ya umma zianze kutoa taarifa kwa viwango vya IFRS S1 na S2 (vya uendelevu na tabianchi) kuanzia 1 Januari 2027. Atakayezijaza taarifa hizo ni mhasibu anayejua lita na uniti.

Kwa wangu wa mazingira, wapime taka. Sheria ya 2022 ya usimamizi endelevu wa taka inadai zitenganishwe zinapotoka, na huwezi kupanga mapipa bila kujua uzito. Siku 7 mfululizo, pamoja na wikendi, mizani ya kuning'iniza, turubai, glavu nene: za kuoza, plastiki, karatasi, chuma na kioo, hatari, nyinginezo. Pima pipa tupu kwanza. Taka zilizonyeshewa zisipimwe siku hiyo, karatasi ikilowa uzito wake ni maji.

Vyeti, kwa kifupi. Leseni ya fundi sola ya EPRA, T1 hadi T3, ina uzito kwa sababu bila hiyo mtu haruhusiwi kufunga. T3 ndiyo ya mifumo mseto na iliyounganishwa na gridi, na si ya mtu asiye na msingi wa umeme. Usajili wa NEMA, mamlaka ya mazingira, kama mtaalamu mshiriki wa tathmini ya athari kwa mazingira una uzito. Mhandisi ajisajili EBK, bodi ya wahandisi, kama mhandisi mhitimu mapema, asingoje kazi. Vyeti vya mtandaoni vya saa sita ni vya kujifunzia tu. Vikizidi vitatu kwenye wasifu, msomaji anaanza kuruka mistari.

---

Dawati_la_Atachimenti

Yote mazuri, lakini mnamtwika Mwalimu mzigo wa mwaka mzima kwenye saa 36. Bili, jengo, SQL, kaboni, taka, M-Pesa? Nusu ya hayo hayatafika wiki ya 12.

Pendekezo langu: makundi 9 ya watu 5, kila kundi na fani zote nne inapowezekana, jengo moja kwa kila kundi. Kompyuta tatu kwa kundi ni 27, zinakutosha. Bili na usafi wa data wafanye wote, wiki nne kamili. Kuanzia wiki ya 5 kila mwanafunzi achague tawi moja tu: vifaa, hesabu ya kaboni, taka, au upatanisho. Wiki mbili za mwisho ziwe za kuandika. Kuandika ndiko waajiri hulalamikia kuliko SQL, na ndiko hukatwa ratiba ikibana.

Kinachotoka si ripoti ya kundi ya kurasa 60. Kila mwanafunzi awe na kurasa mbili zenye jina lake: swali, data na mapungufu yake, hesabu, pendekezo, gharama na muda wa kurudisha fedha. Kwenye wasifu, "ujuzi wa Excel" hausemi kitu. "Nilisafisha rekodi za mita 14 za miezi 24 na kutenganisha miezi mitatu ya usomaji wa kukadiria" unamfanya mwajiri aulize swali, na mwanafunzi ana jibu. Kwenye kazi ya kundi bila ukurasa wa mtu binafsi, wawili hufanya na watatu husaini.

Mambo ya ofisini yanayoangusha mipango hii: bili hazitoki idara ya fedha bila barua, kwa hiyo ziombe wakati wa likizo ya Desemba, si wiki ya kwanza ya masomo. Zikikataliwa, risiti za tokeni za hosteli moja zinatosha kuanzia. Vyuo vingi hutoa wanafunzi Mei hadi Agosti, na dawati la mwajiri hufurika. Barua zifike kabla ya Februari kuisha, zikisema mwanafunzi anaweza kufanya kazi gani, si tu "anatafuta nafasi". Waajiri wengi watadai bima ya ajali ya mwanafunzi kabla hajaingia kiwandani, kwa hiyo ipatikane mapema. Na hakuna mwanafunzi wa kupanda paa. Picha ya paa kutoka chini, au ramani ya setilaiti, inatosha kwa mapitio ya awali.

---

Mhadhiri_ThikaRoad

Asanteni sana, nimechukua muundo wa makundi 9 na barua ya bili naiandika leo. Swali moja limebaki. Uongozi unasisitiza sola lazima iwemo, na wanafunzi wa umeme watanilaumu isipokuwemo. Zoezi gani la sola linaingia kwenye wiki mbili bila kupanda paa wala kununua paneli?

---

Mkaguzi_Kawi

Mwalimu, wape karatasi za data mbili, ya paneli na ya inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa DC wa paneli kuwa AC), pamoja na mchoro wa mzigo wa jengo lao, yaani stima inayotumika saa kwa saa, na maswali manne.

La kwanza: paneli 18 za wati 550 zinatoa nini? Ni kilowati 9.9, eneo kama mita za mraba 47 bila njia za kupita. Kwa wastani wa saa 5 za jua kali na ufanisi wa asilimia 75, ni uniti 37 hivi kwa siku.

La pili ndilo linaloua vifaa. Inverta ndogo ya mseto ina kikomo cha volti 500 za DC. Paneli ina volti 50 ikiwa wazi, yaani haijaunganishwa na mzigo. Mwanafunzi anapanga paneli 10 kwa mfululizo, anapata 500 kamili, anafurahi. Lakini volti hiyo ni ya nyuzi joto 25. Asubuhi ya Julai Nairobi, nyuzi 10, volti hupanda kama asilimia 4, na mfululizo unafika 520 jua likichomoza. Jibu ni paneli 9. Asiyeuona huo mtego bado hajasoma karatasi ya data, amesoma jalada.

La tatu: kipupwe. Wastani wa saa 5 ni wa mwaka. Julai na Agosti mawingu hukaa hadi mchana. Wahesabu mwezi mbaya zaidi, si wastani.

La nne linawarudisha kwenye bili na kuwahusisha wa biashara. Chuo kikifunga Desemba, umeme wa paa unaenda wapi? Kwa Kanuni za 2024 za kupima tofauti ya umeme (net metering), mteja anayerudisha uniti kwenye gridi hupewa mkopo wa nusu yake tu. Uniti inayotumika ndani ina thamani mara mbili ya inayorudishwa. Kwa hiyo mfumo upimwe kwa mzigo wa mchana wa siku ya kawaida, na wakokotoe muda wa kurudisha fedha mara mbili, chuo kikiwa wazi mwaka mzima na kikiwa na likizo zake halisi. Majibu hayo mawili yawekwe ubavu kwa ubavu kwenye zile kurasa mbili.

---

takwimu_na_chai

Kwa mchoro wa mzigo ambao Mkaguzi ametaja: kama mita haina rekodi ya kila nusu saa, mtu mmoja wa kundi asome mita kila saa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumanne moja na Jumamosi moja, na kupiga picha ya kioo cha mita kila mara. Picha ina saa ndani yake. Saa ya simu iwekwe ya kujirekebisha yenyewe kabla hamjaanza.